Choo cha Mgeni

Choo kizuri kuliko vyote katika kampasi hii kilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kukitumia.

Kilikuwa na mteremko wa saruji wa kupandia, vyuma vya kushikilia ukutani, bakuli la kukalia jeupe kama meno ya mtangazaji wa televisheni, na mlango wa buluu mpana kiasi cha kupitisha ng'ombe na mwenye ng'ombe. Kwenye mlango kulikuwa na utepe mwekundu. Utepe huo ulifungwa mapema mno, ukakaa juani mpaka ukawa wa waridi, kisha ukawa rangi ya chai ya maziwa mengi. Mbuzi wa jirani akala ncha moja. Utepe ukabadilishwa. Mlango ukabaki umefungwa.

Kibao kilisema ni choo cha wanafunzi wenye ulemavu. Mwenye ulemavu katika bweni la wasichana alikuwa mmoja, naye ni dada yangu Dolphine. Kwa hiyo ukitaka kusema ukweli, choo kile kilikuwa chake. Ni vile tu mwenyewe alikuwa hajaruhusiwa kuingia.

Mimi si mwanafunzi. Naitwa Machuki, nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo mama aliisoma, akaikunja, akaenda kupika. Dolphine alipoitwa chuoni mama aliniambia, "Wewe huna kazi, nenda ukae karibu na dadako." Ndiyo nikatoka Migori nikaja huku juu ya Rangwe, nikapata kazi katika duka la Mama Faduma, ng'ambo ya geti. Nauza mikate na kredo ya simu, natoa nakala za notisi ambazo wanafunzi hawasomi. Mama Faduma ametoka Garissa miaka mingi, na ananiita "redio" kwa sababu sizimiki.

Miguu ya Dolphine ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Anatembea kwa magongo, na anatembea haraka kuliko unavyodhani, hasa akiwa na hasira. Kuchuchumaa ndiyo hawezi. Na vyoo vya bweni lao vyote ni vya kuchuchumaa. Viko nyuma ya bweni, sakafu imelowa wakati wote, ingawa maji ya bomba hatuyaoni. Hilo ni fumbo ambalo idara ya sayansi ingepaswa kulifanyia utafiti. Mlango mmoja hauna komeo, mwingine hauna mlango.

Siku zake za kwanza alijaribu. Gongo likateleza, akaanguka mle ndani, wasichana wakamtoa. Hakunisimulia. Nilisikia kutoka kwa Beverlyne, anayekaa naye chumba kimoja. Tangu siku hiyo Dolphine akawa anavuka barabara kuja dukani kwetu, maana nyuma ya duka Mama Faduma ana choo cha kukalia, cha zamani, kinacholia kama tingatinga. Kutoka ukumbi wa mihadhara mpaka pale ni mteremko wa udongo wa murram. Mvua ikinyesha, ule mteremko unakuwa sabuni. Na Ijumaa mchana Mama Faduma anafunga duka aende kuswali.

Kwa hiyo Dolphine akapata dawa yake mwenyewe. Akaacha kunywa maji.

Mimi sikugundua upesi. Nilikuwa namtania tu. "Dada, midomo yako imekauka kama samaki wa Mbita aliyesahaulika kwenye kichanja." Anacheka, anasema ni jua. Chai hanywi, uji hanywi, tikiti maji analipita kama mtu anayedaiwa nalo. Halafu asubuhi moja Beverlyne akaja mbio dukani, viatu mkononi.

"Machuki, kuja! Dolphine ameanguka darasani!"

Zahanati ya kampasi ilikuwa na muuguzi lakini haikuwa na dawa, tukampeleka hospitali, wakamlaza. Daktari akasema figo zimeanza kulalamika. Akamuuliza kwa nini hanywi maji. Dolphine akaangalia ukuta. Nikamjibia: "Daktari, akinywa, yataenda wapi?"

Daktari alidhani natania. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa natania.

Mama alipopigiwa simu hakupiga kelele, na mama yetu asipopiga kelele ujue mambo ni mabaya. "Dolphine, mwanangu, mimi nilikuzaa wewe, sikuzaa digrii. Ukilazwa tena nakuja na gari, tunarudi Migori. Shule utaiacha. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Dolphine alipokata simu aliniambia, "Nikirudi nyumbani hivi, Machuki, sitarudi tena huku. Unajua hivyo." Nilijua. Kwetu ukirudishwa nyumbani mgonjwa, watu wanakuonea huruma vizuri sana, mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi.

Ndiyo tukaenda kwa Madam Angwenyi.

Huyu ndiye mkuu wa maslahi ya wanafunzi. Ni mama mnene mpole, tunasali naye kanisa moja la Sabato, na ana funguo nyingi kiunoni hata ukimsikia anakuja unadhani ni ng'ombe wa maonyesho mwenye kengele. Alimkaribisha Dolphine kiti, akamuuliza hali, akasikitika kikweli. Nasema kikweli kwa sababu nilimwona akifuta jicho.

"Lakini mwanangu," akasema, "kile choo hakijafunguliwa."

"Ndiyo tumekuja, Madam," nikasema. "Kifunguliwe."

"Nasema rasmi. Mgeni hajaja kukata utepe."

"Madam," Dolphine akasema, "kibofu changu hakijui mambo ya rasmi."

Madam akainamisha uso akacheka, kisha akajirekebisha. "Mgeni alikuwa aje mwezi uliopita, akapata safari. Akaahirisha tena. Nifanye nini? Choo kikianza kutumiwa akikute na harufu?"

Nikaona nimpigie hadithi kidogo. "Madam, nyanya yetu ana kabati la kioo. Ndani kuna vikombe vya maua, vya wageni. Sisi tulikua tukinywea chai kwenye plastiki iliyotuchoma midomo. Vile vya maua vilitoka siku moja tu, matanga ya babu. Waliovinywea ni watu wa kamati. Babu mwenyewe hakuwahi kuvigusa."

"Hata mimi ninavyo," Madam akasema, akacheka mpaka funguo zikalia. Nikadhani tumeshinda. Lakini aliponyamaza uso wake ulikuwa umechoka. "Machuki, sikia. Bweni la pili tuliwawekea vyoo vipya. Kabla juma halijaisha mtu amengʼoa bomba, mwingine ametumbukiza gazeti zima, na picha ya gavana juu. Hawa waliojenga hiki ndio wanataka kutujengea bweni. Wakikikuta kimeharibika, bweni hakuna. Kuna wasichana wanalala wanne kitanda kimoja. Hao nao niwaambie nini?"

Hilo ndilo lililoniudhi. Unaenda kupigana na mtu mbaya, unamkuta mtu mzuri amekaa kwenye kiti chake.

"Vumilieni kidogo," akasema. "Akishakata utepe tu, kitakuwa chako."

Dolphine akavumilia. Akawa anakunywa kikombe kimoja asubuhi, cha pili akifika dukani jioni. Mama Faduma akawa ananipa ufunguo wa nyuma kila Ijumaa, anasema, "Redio, dada yako akija, fungua. Mungu hatakasirika." Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na mara mbili nilimwona kutoka kaunta akifika nusu ya mteremko, anasimama, anapima matope kwa gongo, anageuka anarudi. Alikuwa anajikaza kama mtu anayebeba karai la mayai. Mitihani ilikuwa imekaribia. Macho yake yalikuwa yameanza kuvimba asubuhi kwa ajili ya figo, na mama alikuwa anapiga simu kila siku kuuliza swali lilelile: umekunywa maji?

Hatimaye tangazo likabandikwa. Mgeni anakuja Alhamisi.

Yawa, ungeiona kampasi! Nyasi zilizokuwa zimeficha nyoka zikakatwa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Bweni la wasichana likapakwa rangi upande unaoonekana kutoka barabarani, ule mwingine wakauachia Mungu. Bogonko, mlinzi wa majengo, akapewa koti jipya lenye mikono mirefu mpaka akawa anasalimia watu kwa kitambaa. Ndani ya choo kikawekwa kioo kilichotolewa ofisini kwa Madam, zulia dogo, na ua la plastiki juu ya tangi la bakuli.

Na Dolphine akaitwa. Yeye ndiye atakayepigwa picha akiingia.

"Watakuweka kwenye kiti cha magurudumu," Madam akamwambia.

"Mimi situmii kiti cha magurudumu, Madam."

"Najua, mwanangu. Ni cha picha tu. Tumekiazima hospitali."

Alhamisi asubuhi hema likapigwa, kwaya ikapanga mstari, viti vya mbele vikavishwa nguo nyeupe. Mimi nilipewa kazi ya kusukuma kile kiti, na tairi moja ilikuwa na mawazo yake. Tukasimamishwa nyuma ya choo tungoje. Hapo ndipo tulipomsikia Madam akiongea na Bogonko upande wa pili wa ukuta.

"Mgeni akiondoka tu, toa kioo, toa zulia, ufunge. Wakaguzi wa chuo wanakuja mwezi ujao. Nataka wakikute hivi hivi, hakijaguswa."

"Na yule msichana?"

"Nitaongea naye. Ni mtoto muelewa."

Dolphine aliyabana magongo aliyoyalaza mapajani. Nilitafuta la kuchekesha, nikakosa. Hiyo pia ilikuwa mara ya kwanza.

"Machuki," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Naam."

"Leo nimekunywa maji. Nimekunywa chupa nzima."

"Kwa nini?"

"Nisipotoka mle ndani haraka, usishtuke."

Mgeni alikuwa mzee mrefu wa suti ya kijivu, kutoka shirika la wafadhili, mwenye tabasamu la kudumu. Akahutubia. Waliohutubia kabla yake walikuwa wameshamshukuru mpaka hakukuwa na shukrani iliyobaki. Akakata utepe, makofi yakapigwa, nikasukuma kiti mpaka juu ya mteremko, wapiga picha wakakimbilia mbele. Dolphine akasimama. Watu wakashangaa kidogo kumwona aliyeko kwenye kiti cha magurudumu anasimama; mama mmoja wa kwaya akasema "Haleluya". Akachukua magongo yake, akaingia, akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Makofi tena. Kwaya ikaanza wimbo.

Wimbo ukaisha. Mgeni akatabasamu. Kwaya ikaanza mwingine.

Katikati ya ule wa pili mlango ukagongwa kutoka ndani. "Machuki!"

"Naam, dada!"

"Hakuna maji!"

Kwaya ilinyamaza vibaya, sauti moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Madam akamgeukia Bogonko. Bogonko akatazama tangi jeusi juu ya paa, tangi zuri, jipya kabisa, na karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Bomba la kutoka kwenye tangi lilishuka ukutani vizuri, likafika karibu na dirisha, likaishia hapo. Kutoka hapo mpaka ndani hakukuwa na kitu. Fundi alikuwa aje kuunganisha, na kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa muda wote ule, hakuna aliyewahi kufungulia bomba ajue kwamba hakuja.

Nilikimbia dukani. Mama Faduma alikuwa ameshasikia. Sijui vipi, lakini jerikeni ilikuwa imejaa tayari, imewekwa juu ya kaunta. Nikaibeba begani, nikavuka barabara, nikapita katikati ya viti vyeupe, maji yakichuruzika kwenye zulia jekundu lililotandikiwa mgeni, nikapita mbele ya mgeni. "Samahani, mzee," nikasema, "huduma kwa mteja."

Hakuna aliyecheka. Sikuwalaumu.

Dolphine alifungua mlango kidogo, akapokea jerikeni, akafunga. Tukasikia maji yakimwagwa. Komeo halikufunguliwa.

Madam akapanda mteremko, akaweka mdomo karibu na mlango. Mimi nilikuwa pale, nilisikia yote.

"Dolphine, mwanangu. Toka sasa."

"Sitoki, Madam."

"Mgeni anangoja. Anatakiwa Mbita."

"Nipe ufunguo."

"Nitakupa. Toka kwanza, tutaongea baadaye."

"Nimesikia mlichoongea na Bogonko, Madam. Mtoto muelewa ameelewa."

Madam alifunga macho. Nilimwona akihesabu mambo yake kichwani: bweni jipya, wakaguzi, wasichana wa kitanda kimoja, yule mzee wa suti anayetazama saa. Kisha mikono yake ikashuka kiunoni. Alizitafuta zile funguo moja moja, akautoa mmoja, akapiga magoti na gauni lake la sherehe, akausukuma chini ya mlango.

Mgeni aliona mama mzima amepiga magoti, akaona ufunguo unapita chini ya mlango, akaona mlango unafunguka na msichana anatoka na ufunguo mkononi. Akadhani ndiyo programu. Akapiga makofi kwa nguvu zake zote, na sisi wengine tukamfuata. Ile ndiyo picha iliyotumika. Wameibandika mpaka leo kwenye ukuta wa ofisi.

Jioni Bogonko akaja kuchukua kioo, zulia na ua. Ufunguo hakuuomba.

Dolphine aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Fundi hakuja. Kila asubuhi nilipeleka jerikeni kabla ya kufungua duka, na nyingine jioni, na dada yangu akaanza kunywa maji. Uvimbe wa macho ukashuka. Mama akapunguza simu. Nikamtania, "Sasa wewe ndiye mwanamke tajiri wa kampasi. Una nyumba na huna mume."

Halafu wengine wakaanza kuja.

Kwanza ni msichana aliyevunjika kifundo cha mguu uwanjani. Dolphine akampa ufunguo. Akaja mwenye mimba. Akampa. Wakaja wenye tumbo, wakaja wasio na chochote, ila wamechoka kusimama kwenye mlango usio na mlango wakimsikiliza aliye ndani akiimba ili ajulikane yumo. Jerikeni mbili zikawa tano. Mabega yangu yakaanza kuongea. Siku moja Dolphine aliingia akakuta chuma cha ukutani kimelegea. Mtu alikuwa amening'inia. Alirudi chumbani, na kuanzia hapo kila aliyegonga aliambiwa ufunguo haupo.

Mimi nilikuwepo siku Beverlyne alipoomba. Nilikuwa nimeleta mkate, nimekaa kwenye ndoo mlangoni. Beverlyne alikuwa na homa ya matumbo, alitoka hospitali jana yake, amejikunja kwenye kitanda kama jani lililokauka.

"Dolly, nisaidie ufunguo. Kule nyuma siwezi kufika."

Dolphine alishika kamba ya shingoni. "Maji yameisha, Bevy. Na nyinyi mnaharibu. Vumilia kidogo."

Nilifungua mdomo kabla ya kufikiri, kama kawaida yangu. "Ndiyo, Madam," nikasema.

Ilikuwa utani. Ilitoka kama utani. Lakini Dolphine alinigeukia na uso ambao sijawahi kuuona kwake, na nikatamani kama ningeweza kuyarudisha maneno yale mdomoni niyatafune. Beverlyne alikuwa anahema tu.

Dada yangu akavua kamba shingoni, akaiweka kwenye kiganja cha Beverlyne, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Beba jerikeni," akaniambia. Hakuniangalia.

Nikabeba. Nilipomaliza kumpelekea Beverlyne maji chooni nilirudi chumbani. Ufunguo Beverlyne alikuwa ameurudisha, na Dolphine alikuwa anapigilia msumari nje ya mlango wao kwa kisigino cha kiatu, mahali ambapo yeyote anaweza kufika. Akautundika pale.

"Wataking'oa kile chuma," nikasema.

"Najua."

"Na mitihani ni wiki ijayo."

"Machuki, najua."

Akaingia ndani, akajimiminia maji kikombe kimejaa. Nilimtazama. Alikunywa nusu, akasimama, akasikiliza. Nje kulikuwa na nyayo za mtu anakuja, zikasita karibu na mlango, ufunguo ukalia kwenye msumari, nyayo zikaondoka mbio kuelekea chooni. Dolphine akakitazama kikombe. Hakukimwaga, na hakukimaliza. Alikiweka dirishani, akakifunika kwa sahani.